Dk Trowell na mtoto asiyecheka: chupa ya vitamini au kisado cha dagaa?

Mama amesimama mbele ya duka la dawa mjini Magu, mgongoni amebeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto amekwisha kupimwa malaria, hana. Homa pia hana. Kinachomsumbua mama ni kwamba mtoto hacheki. Wenzake wakicheza yeye hukaa pembeni, akiguswa analia, akiachwa ananyamaza kama mzee mwenye mawazo. Muuzaji anamwekea mezani chupa ya vitamini ya maji yenye picha ya mtoto mnene anayetabasamu. Sokoni, dagaa wa ziwa letu wamemwagwa juu ya turubai, karanga na choroko zinapimwa kwa visado. Fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga inatosha kununua kimoja tu. Achukue kipi?

Swali hili si la watoto peke yao. Watu wazima wengi walio wazito wa moyo, wasio na hamu ya kazi na wanaokasirika kwa jambo dogo, nao huambiwa wajaribu vidonge vya kuongeza nguvu. Wengine hununua chupa moja baada ya nyingine miezi mingi, huku chakula cha nyumbani kikibaki ugali na chai ya rangi.

Leo safu hii inalijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya daktari aliyehangaika nalo ng'ambo ya ziwa hili hili, mjini Kampala, zaidi ya miaka 80 iliyopita. Alianza kwa kuamini kwamba vitamini moja ingewaponya watoto waliokuwa wakifa mikononi mwake. Akakosea, akakiri, akaanza upya.

Kijana aliyekuja Afrika Mashariki

Jina lake kamili ni Hubert Carey Trowell, ingawa maisha yake yote aliitwa Hugh. Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London. Mwaka 1929 aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni, akaja Kenya pamoja na mkewe Margaret. Mama huyu alikuwa msanii, na baadaye ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika Chuo cha Makerere.

Mwaka 1935 familia ilihamia Uganda. Trowell akawa daktari wa Hospitali ya Mulago na mwalimu wa vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisomea utabibu. Kazi ya kufundisha ilimlazimu kueleza kila ugonjwa kwa uwazi, na kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuweza kuueleza.

Wodini walikuja watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hivi, wengi wakiwa wameachishwa ziwa muda si mrefu. Miguu na nyuso zao zilikuwa zimevimba. Nywele zilikuwa zimepauka na kuwa nyepesi, na ngozi ilibambuka kama iliyoungua. Kwa mtu asiyejua, mtoto wa aina hii alionekana amenenepa, hata mzazi akachelewa kumleta. Ila jambo lililowagusa wauguzi kuliko yote lilikuwa hali ya moyo ya mtoto. Hakucheza. Hakutazama watu. Alilia kwa sauti dhaifu alipoguswa, kisha akarudi kwenye ukimya wake. Alikuwa na njaa ya mwili, lakini chakula alikikataa.

Leo tunauita ugonjwa huo unyafuzi, au kwashiakoo. Wakati ule madaktari wengi walidhani ni minyoo, kaswende ya kurithi au malaria ya muda mrefu. Walitibu minyoo, mtoto akaendelea kuvimba na kufa.

Wazazi nao walikuwa na maelezo yao. Baganda waliuita obwosi, wakaeleza kwamba mtoto anadhuriwa pale mama yake anaposhika mimba nyingine. Sisi tunayo maneno yanayofanana na hayo, tunaposema mtoto amebemendwa. Lawama inamwangukia mama, naye kwa aibu anamficha mtoto ndani badala ya kumpeleka zahanati. Hata hivyo ndani ya imani hizo kulikuwa na jambo ambalo wazazi walikuwa wameliona sawasawa: ugonjwa huu humshika mtoto anapotolewa kwenye maziwa ya mama na kupewa chakula cha watu wazima.

Tumaini la vitamini moja

Trowell alisoma habari kutoka kila upande. Mwaka 1933, Dk Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa kama huo kwa watoto waliolishwa mahindi. Mwaka 1935 akaupa jina ambalo Waga wa huko walilitumia, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayepishwa na mdogo wake. Madaktari wengine walimpinga. Walisema hakuna ugonjwa mpya hapo, hiyo ni pelagra.

Pelagra ilikuwa inajulikana vizuri. Huwapata watu wanaoishi kwa mahindi matupu. Ngozi inayopigwa na jua huungua, tumbo huharisha, na akili hubadilika: mgonjwa huanza kwa huzuni na kukosa usingizi, akazidi akachanganyikiwa. Kule kusini mwa Marekani wagonjwa wengi wa pelagra walikuwa wakifungiwa katika hospitali za vichaa. Kuanzia mwaka 1914 Dk Joseph Goldberger alichunguza ugonjwa huo katika vituo vya yatima na hospitali hizo. Aliongeza maziwa, nyama, mayai na kunde kwenye chakula, na ugonjwa ukaondoka. Alikufa mwaka 1929 kabla ya kujua ni kitu gani hasa ndani ya vyakula hivyo kilichoponya. Jibu lilipatikana mwaka 1937: vitamini ya kundi B iitwayo niasini. Wagonjwa waliopewa vitamini hiyo walipata nafuu kwa siku chache, ngozi na akili pia.

Msomaji anaweza kuona jinsi habari hiyo ilivyomvutia daktari wa Mulago. Mwaka huo huo wa 1937 Trowell alichapisha makala akisema kwamba watoto wake nao wana pelagra. Chakula chao kilikuwa cha wanga, ngozi zao ziliharibika, hali zao za moyo zilibadilika. Kama kidonge kiliwaponya Wamarekani, kwa nini kisiwaponye watoto wa Kampala?

Kidonge hakikuponya. Watoto waliopewa niasini hawakupona kama ilivyotarajiwa, na vifo viliendelea.

Kukubali kosa

Hapa ndipo ninapomheshimu Trowell kuliko mahali pengine popote. Alikuwa amekwisha kuweka jina lake chini ya dai lililochapishwa na kusomwa na wataalamu wengi. Angeweza kubadilisha dozi na kuendelea kutetea. Badala yake alikaa upya na wagonjwa wake.

Alifanya kazi hiyo pamoja na Dk Eria Muwazi, Mganda, mmoja wa madaktari Waafrika wa mwanzo kutoka Mulago na Makerere. Muwazi alijua lugha ya wazazi na desturi za jikoni mwao, jambo ambalo mgeni asingeweza kulipata vitabuni. Katikati ya miaka ya 1940 wawili hao walichapisha maelezo mapya. Waliliacha neno pelagra, wakauita ugonjwa huo utapiamlo mbaya, wakionyesha kwamba chakula kizima cha mtoto ndicho chenye kasoro, wala si vitamini moja.

Kuna kukosea kwingine ambako safu hii haiwezi kukuruka. Katika kutafuta jibu, watoto walitolewa damu mara kwa mara na kufanyiwa vipimo vilivyowatia wazazi hofu. Wazazi wengi wa Buganda waliishuku hospitali, na shaka hiyo ilichelewesha watoto wengine kuletwa. Ni funzo kwa watoa huduma hata leo: mzazi asiyeelezwa kinachofanywa kwa mwanawe hatarudi.

Kikombe cha maziwa na tabasamu

Msaada mwingine ulitoka kwa Dk Jack Davies, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti hapo Mulago. Alipochunguza miili ya watoto waliokufa alikuta kongosho limesinyaa. Kongosho ndilo linalotoa maji ya kusaga chakula tumboni. Kwa hiyo mtoto alikuwa katika mtego: chakula duni kiliharibu kiungo cha kusagia chakula, na kiungo kilipoharibika, hata chakula kizuri hakikumfaa upesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Dk Rex Dean aliongoza kikosi cha utafiti wa utapiamlo wa watoto mjini Kampala. Tiba iliyoleta mabadiliko haikuwa ya ajabu. Yalikuwa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, yakichanganywa na sukari na mafuta ya mbegu za pamba, na kupewa mtoto kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Pamba hiyo ni zao lile lile ambalo wakulima wa Magu wanalifahamu tangu zamani.

Uvimbe ulishuka. Lakini kabla ngozi haijapona na nywele hazijarudi, kulikuwa na dalili iliyotangulia ambayo wauguzi wa watoto wanaingoja mpaka leo. Mtoto alianza kutazama watu. Alinyoosha mkono kuchukua kitu. Siku moja akatabasamu, na wodi nzima ikajua kwamba huyu atapona. Hali ya moyo ilirudi pamoja na chakula.

Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kuhusu ugonjwa huo, nacho kikawa mwongozo kwa madaktari wa nchi nyingi.

Chakula na mkono unaolisha

Haikuishia hapo. Katika miaka hiyo mtaalamu wa saikolojia kutoka Ufaransa, Marcelle Geber, alifanya kazi na Dean Kampala. Alichunguza jinsi watoto walivyoachishwa ziwa. Mara nyingi mtoto alitengwa na mama yake ghafla, pengine akapelekwa kukaa kwa ndugu wengine. Geber aliona kwamba mshtuko wa kutengwa ulichangia ugonjwa: mtoto aliyevunjika moyo alikataa kula, na mtoto asiyekula alizidi kuvunjika moyo.

Kwetu Usukumani si ajabu mtoto kupelekwa kwa bibi mama anapopata mimba nyingine au anapokwenda kutafuta riziki. Bibi ni hazina kubwa. Lakini mtoto anayehamishwa anahitaji mtu mmoja wa kumlisha kwa subira, akiwa na sahani yake mwenyewe, badala ya kuachwa agombanie tonge na wakubwa kwenye sinia moja.

Mwaka 1965 Mulago ilifungua kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda kuhusu mtoto mwenye afya na malezi ya mama. Mama na mtoto walikaa pamoja kituoni. Mama alijifunza kupika kitobero, mchanganyiko wa chakula cha wanga, maharage, karanga na vitu vingine vinavyopatikana kijijini, akashuhudia kwa macho yake mwanawe anapona kwa chakula alichokipika mwenyewe. Hapakuwa na haja ya kumhubiria sana baada ya hapo.

Maisha ya pili ya Trowell

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana katika parokia ya kijijini Uingereza. Wengi wangedhani amemaliza. Lakini mambo aliyoyaona kwa miaka 30 Afrika Mashariki hayakumtoka kichwani. Alipofika Kenya, aliona shinikizo la damu kwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa vijijini. Kabla ya kuondoka, lilikuwa limekwisha kuwa ugonjwa wa kawaida wodini.

Alipostaafu ukasisi aliungana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji waliyefahamiana Uganda. Mwaka 1975 walitoa kitabu kilichoeleza kwamba kukoboa nafaka na kuziondolea nyuzinyuzi kunahusiana na magonjwa mengi ya nchi tajiri. Trowell ni miongoni mwa watu waliofanya nyuzinyuzi za chakula zianze kuhesabiwa kuwa na faida. Zamani zilionekana makapi ya kutupwa. Kwa lugha ya jikoni kwetu, alikuwa anatetea dona dhidi ya sembe. Alifariki mwaka 1989.

Haya yote hayana maana kwamba yeye na wenzake walipata jibu la mwisho. Baada yao dunia ilishikilia protini kana kwamba ndiyo dawa mpya, na unga wa protini ukagawiwa kila mahali. Mwaka 1974 alijitokeza kuukosoa mtindo huo Dk Donald McLaren, aliyewahi kuchunguza lishe na magonjwa ya macho katika Jimbo la Ziwa, yaani huku kwetu. Alionya kwamba kirutubishi kimoja kilikuwa kinageuzwa kuwa suluhisho la kila kitu kwa mara nyingine. Mpaka leo watafiti wanabishana kwa nini watoto wawili wanaokula chungu kimoja, mmoja hukonda na mwingine huvimba. Lakini kumlisha na kumponya wanaweza.

Kidonge kina kazi yake

Sasa turudi kwa mama aliyesimama dukani. Maisha ya Trowell hayasemi kwamba vidonge ni ulaghai. Niasini iliwaponya kweli wagonjwa wa pelagra. Kidonge hufanya kazi pale pengo linapojulikana na kidonge hicho ndicho kinacholijaza.

Ndiyo maana mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, na anatakiwa kuvimeza. Ndiyo maana mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa ya isoniazidi anaweza kupewa vitamini B6, na asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12 kutoka mahali pengine. Upungufu wa damu hupimwa kwa tone la damu, na ukipatikana hutibiwa. Mtu mwenye damu pungufu huchoka, hukosa furaha, na chanzo chake kinaweza kuwa kichocho, ambacho watu wa mwambao wa ziwa tunacho, au minyoo. Chupa ya dukani haiondoi kichocho.

Shida huanza pale kidonge kinaponunuliwa bila kujua pengo, kwa matumaini ya kupata furaha. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi 4 za Ulaya, uliohusisha watu 1,025 waliokuwa na uzito mkubwa na dalili za mwanzo za sonona. Nusu walimeza virutubishi vya nyongeza kwa mwaka mzima, wengine vidonge visivyo na kitu. Virutubishi havikuzuia sonona. Ni haki pia kusema kwamba hata mafunzo ya ulaji yaliyotolewa katika utafiti huo hayakuizuia kwa kiwango cha kuridhisha.

Kwa upande mwingine, utafiti mdogo wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 ulichukua watu 67 waliokwisha kuwa na sonona. Waliosaidiwa kubadili chakula kwa wiki 12, wakala zaidi mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde na samaki, karibu theluthi moja yao dalili ziliisha. Kwa wale waliopata mtu wa kuzungumza naye tu, ilikuwa asilimia 8. Watu 67 ni wachache, na hakuna anayepaswa kuacha dawa zake kwa sababu yao. Ila matokeo hayo yanakwenda upande mmoja na yale yaliyoonekana Mulago.

Sahani ya Magu

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ubongo hutengeneza kemikali za kutuliza moyo kutokana na vipande vya protini, na kazi hiyo inahitaji madini chuma, foliki na vitamini B kwa pamoja. Mahindi yana upungufu wa baadhi ya vipande hivyo, na niasini yake imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi. Ugali peke yake hushibisha tumbo na kuuacha ubongo na deni.

Dagaa hulipa sehemu kubwa ya deni hilo. Kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, hutoa protini, chuma, zinki, kalisi na vitamini B12 kwa pamoja, na mafuta yake yana faida kwa ubongo. Nunua waliokauka vizuri, osha mchanga, kaanga kidogo kisha saga uweke kwenye uji au mchuzi wa mtoto aliyefikisha miezi 6. Ongeza choroko, dengu, kunde au maharage. Weka mchicha, mlenda, majani ya kunde mabichi au yaliyokaushwa, yaani nsansa, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ukivipata. Michembe na matobolwa ni vitafunwa vizuri vikiliwa na karanga au maziwa. Karanga zenye ukungu tupa, zina sumukuvu. Ukisaga mahindi kwenye mashine ya mtaani, chagua dona, na mahindi yawe makavu na safi. Kamulia ndimu kwenye mboga ili chuma kiingie mwilini, na chai isubiri mpaka baada ya mlo.

Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Mlishe mara 4 au 5 kwa siku, na umwendelezee ziwa la mama hadi miaka 2 au zaidi.

Usisubiri nyumbani

Chakula cha nyumbani kina mpaka wake. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto kwa sekunde chache. Kama mashimo yanabaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mnene. Usijaribu kumshindilia chakula kingi kwa mara moja, maana mwili wake hauwezi, na wahudumu wana maziwa maalumu ya kuanzia. Mpeleke pia aliyekonda sana, anayekataa kula au aliyelegea. Mhudumu wa afya wa kijiji ana utepe wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Hakuna atakayekuuliza nani amembemenda.

Mtu mzima ambaye huzuni imemkalia kwa wiki 2 au zaidi, halali, hataki kuonana na watu, au anawaza kujidhuru, naye aende hospitali. Sonona ina tiba, na sahani nzuri hutembea pamoja na tiba hiyo bila kuchukua nafasi yake. Na vidonge vya chuma ulivyopewa kliniki vifungie mbali na watoto, kwani vichache tu vinaweza kumuua mtoto anayevidhania pipi.

Kwa mama wa dukani, jibu letu ni hili: apite kwanza kituo cha afya, mtoto apimwe uzito, mkono na damu. Akikutwa na pengo, atapewa dawa ya pengo hilo. Asipokutwa nalo, arudishe chupa mezani na kuvuka kwenda kwenye turubai la dagaa. Jioni akae chini na mwanawe, sahani moja kati yao, amlishe polepole, awe anamwangalia usoni.